Namwombea Yahya Macho

Chamazi, Temeke
Jumatano asubuhi

Kaka yangu Omari,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, mgongo umekuachia, na watoto wako wa madrasa wamekupunguzia utundu. Shemeji anaendeleaje na presha yake? Na Bibi je, anakula, au amerudia tena kukataa wali na kudai uji tu? Mie nipo. Nikikuandikia kwamba sijambo nitakuwa nimekudanganya, na wewe ndiye uliyenilea, huwa unanijua hata nikinyamaza.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Mara tatu nimekupigia ili nikwambie, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua. Ni jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikianza kulia hutalisikia lote. Anayekuletea barua ni Bi Mwantumu, jirani yangu, anakuja huko Kivinje kwenye harusi ya mpwa wake. Nimeifunga kwa gundi. Yeye mwenyewe ameshaniona mahali ninapokwenda siku za Jumapili. Hakuniuliza kitu, lakini najua habari itapanda basi moja na barua hii, na nimetaka ya kwangu ikufikie kwanza. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote.

Ulipokuja kumzika mume wangu Athumani nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Watu walinifariji wakisema nishukuru, marehemu ameniachia mtu. Miaka minane tulimtafuta huyo mtu, Kaka, unajua tulivyohangaika. Ndipo asubuhi moja Athumani akaenda Madale kujenga ukuta wa kuzuia udongo kwenye kiwanja cha watu kule mlimani, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na udongo ukamshukia akiwa ndani ya msingi. Wenzake walimfukua kwa mikono na makarai. Aliyenipigia simu alisema nije, mume wangu ameumia kidogo. Mpaka leo mtu akiniambia neno "kidogo" namkatiza aseme yote.

Ulinisihi tuondoke wote, nikakae eda nyumbani. Nikakataa kwa sababu kliniki yangu ilikuwa huku. Sijui kama nilikosea. Miezi miwili baadaye, nikiwa nimeinama nafua, chupa ya uzazi ikapasuka. Eda yangu iliishia leba. Mtoto alizaliwa na kilo moja na gramu mia moja, mapaja yake membamba kama vidole vyangu, ngozi inaonyesha mishipa. Nilimpa jina alilolichagua baba yake, Yahya.

Hayo nilikwambia. Yaliyofuata nilikwambia nusunusu.

Kina mama wa watoto njiti tulilazwa chumba kimoja. Kila baada ya saa tatu tunakamua maziwa, tunayapeleka, manesi wanawapitishia watoto kwa mpira mwembamba puani. Mtoto akipata nguvu kidogo unafungiwa kifuani, ngozi kwa ngozi, wenyewe wanaita kangaruu, unakaa naye hivyo kutwa. Kitanda kilichofuata changu alikuwapo Anastazia, mwanamke wa Njombe, mpishi wa shule, anakaa Mbande hapa jirani na Chamazi. Binti yake alikuwa njiti vilevile, tena mzito kuliko wangu. Anastazia alikuwa mtu wa kuomba. Alimwambia kila nesi kwamba binti yake atatoka pale na kilo mbili, Yesu ameshamwonyesha. Akaniuliza kama anaweza kumwombea na wangu. Nikamwambia sisi ni Waislamu. Akasema haya. Baadaye akakiri kwamba alimwombea moyoni hivyo hivyo.

Mimi mwenyewe, Kaka, nilikuwa nimeacha. Niseme ukweli. Tangu tumzike Athumani nilikuwa nikisimama kwenye mkeka midomo inakwenda tu, ndani hamna mtu. Kule hospitali hata midomo ikakoma. Sikumchukia Mungu. Nilikuwa kama mtu aliyegonga mlango mpaka mkono ukavimba, akakaa chini.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, binti wa Anastazia alifia kifuani kwake. Hakupiga kelele. Alikaa vilevile akiwa amemfunga, mpaka nesi akaja kumfungua. Na mie, mwenzie niliyekula naye sahani moja, nikageuza uso ukutani. Niliogopa kifo kile kisije kikavuka kuja kwa Yahya. Mumewe alikuja, wakamchukua mtoto wao wakaenda kumzika, na sikumpa pole. Hilo ni doa langu mpaka leo.

Siku ya tatu baada ya maziko nikamwona anaingia na chupa ya uji na kanga mbili zilizofuliwa. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka, blauzi imelowa. Akakaa kitandani kwangu. Nikamuuliza, "Dada, umerudi kufanya nini huku?"

Akasema, "Nilimwahidi Mungu nitamwombea wako mpaka atoke. Sikumwekea sharti la wangu kupona."

"Humkasirikii?"

"Namkasirikia sana. Kila siku namwambia. Ila namwambia yeye."

Kaka, tangu nizaliwe sijasikia maneno kama yale. Kama binti yake angepona, nisingemsikiliza. Ningesema ana bahati yake. Lakini yeye alinyimwa, akarudi, akakaa karibu na aliyepewa.

Alikuwa bado amekaa pale, Yahya akaacha kupumua. Nilimhisi kifuani amekuwa mzito ghafla, nikatazama, midomo imekuwa ya bluu. Nesi alikuja mbio, akamlaza, akamgonga nyayo, akamwekea kifaa cha kumpulizia hewa. Anastazia alipiga magoti sakafuni palepale. Na mie nikasikia sauti ikiita jina la Yesu, tena na tena, nikageuka kuangalia ni nani anayeita, kumbe ni mdomo wangu. Yahya akakohoa, akalia kile kilio chao kama cha paka mchanga.

Nesi aliniambia watoto njiti husahau kupumua, wakikumbushwa wanaendelea, na kwamba yeye amefanya kazi yake tu. Namwamini nesi. Lakini na yule niliyemwita siwezi kujifanya sikumwita.

Tulipotoka hospitali nilianza kumsindikiza Anastazia kanisani kwao. Usifikiri ni jengo. Ni banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga, viti vya plastiki, watu hawafiki hamsini. Nilikaa mlangoni na baibui langu. Hakuna aliyeniambia nilivue. Wanawake walipokezana Yahya, mmoja akimrudisha mwingine anampokea, na kwa mara ya kwanza tangu Athumani aondoke mikono yangu ilipumzika. Ndipo wakasoma habari za Yesu na kipofu. Nikashtuka kwa sababu niliijua. Nilifundishwa na wewe, Kaka, barazani kwetu, kwamba Nabii Isa aliponya vipofu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Sikujua kama nitakuja kuyahitaji maneno yale hivi.

Maana Yahya haoni. Hili ndilo sikuwahi kukwambia kabisa. Alipofika miezi minne niliona hafuati kitu kwa macho. Nikapitisha kijiko, nikapitisha mkono, hamna. Daktari wa macho akasema ni ugonjwa wa njiti, pazia la nyuma ya jicho halikukomaa vizuri. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia wamelifanyia matibabu, labda litashika mwanga, labda hata huo lisiushike, tusubiri. Nilimuuliza mara ngapi sijui, akanijibu kwa upole yaleyale.

Nikarukwa na akili, Kaka. Nilisikia kuna mkutano wa uponyaji uwanjani kule Temeke, nikaenda bila kumuaga mtu, nikasimama juani na mtoto tangu asubuhi mpaka alasiri. Mhubiri akamgusa machoni, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mtoto huyu anaona, watu wakashangilia, mie pia nikaruka. Kisha nikasogea pembeni nikampungia kanga mbele ya uso. Macho yake yalibaki palepale. Nilirudi Chamazi nimebeba aibu kuliko mtoto, nikamfungia mlango Anastazia siku mbili. Alipofanikiwa kuingia hakunilaumu. Alimwogesha Yahya, akanipikia.

Nilipoomba kubatizwa, mchungaji wao, ambaye siku za kazi ni fundi baiskeli, hakushangilia. Aliniweka kitako. "Mama Yahya," akasema, "na kama mtoto hataona?"

Nilitaka kumjibu kwamba ataona. Nikashindwa. Nikamwambia, "Basi Mungu huyo atakuwa na kazi ya kukaa na sisi wawili."

Akasema nije Jumapili iliyofuata. Nikaenda, nikabatizwa.

Ndiyo hilo, Kaka. Nimeliandika. Usidhani nimerubuniwa, wala nimenunuliwa kwa uji wa Anastazia. Usidhani pia kwamba nimedharau mlivyonilea. Mlango huu niliufikia kwa miguu mliyonifundisha kutembea. Mtoto simbadilishi jina. Mchungaji alisema kwao Yahya ni Yohana, nikamwambia ni mtu yuleyule, abaki na la baba yake.

Usidhani kwamba nina amani kama wanavyoimba. Kila asubuhi jua likichomoza namtoa Yahya mlangoni, namgeuza uso mashariki, naomba, namtazama mboni. Naomba kwa fujo, bila adabu. Namwambia Yesu, hilo moja tu, la kulia, hata mwanga tu, ajue kumekucha. Mpaka leo hajapepesa. Daktari ametuita tena mwezi ujao. Siku nyingine naamini muujiza utatokea kabla ya hapo, siku nyingine sina hata imani ya kuniinua kitandani, na ninayo hofu ambayo nimemwambia Mungu peke yake, kwamba baada ya mume na macho ya mwanangu, sasa nitampoteza na kaka.

Kama hasira yako itakuwa kubwa, nitaipokea. Wewe ni baba na mama kwangu, una haki nayo. Ila nakuomba iwe kwangu, Yahya asihusike.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie dawa za presha azimeze hata siku anazojisikia mzima. Nisalimie Binamu Rajabu kule sokoni. Mpe shikamoo Mjomba Bakari, na umwombe asinihukumu kabla hajaniona. Bibi mpe mkono wangu, umwambie kitukuu wake ana masikio kama ya kwake, yaliyosimama.

Na kweli ni masikio, Kaka. Mtu akizungumza pembeni yake, Yahya anaacha kunyonya, anageuza shingo yote kuitafuta sauti, anatulia, anasikiliza kama mzee. Sauti ya mwanaume hajaizoea; ndani humu hamna. Njoo basi, hata kama ni kuja kunigombeza. Nigombeze ukiwa umempakata. Uso wako huenda asiujue maisha yake yote, lakini sauti ya mjomba wake ataijua.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura, Mama Yahya