Paa la Kanisa la Bagamoyo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako ilikuwa ndefu, ya mtu aliyezoea kusalisha watu bila kipaza sauti, na mpaka leo mzee akiniitikia kwa harakaharaka najiona nimepunjwa. Nakuandikia nikiwa nyumbani, hapa Bukombe, kwenye meza yako. Daftari lako la jalada la bluu liko mbele yangu, lile uliloandika juu yake "Safari ya Bagamoyo". Kesho asubuhi napanda basi kwenda huko, peke yangu.

Ratiba uliipanga mwenyewe. "Siku ya kwanza: kanisa. Kabla ya kula." Ukapiga mstari chini ya neno kula, maana ulinijua. Baada ya kanisa, ule msalaba ulio karibu na bahari. Siku ya pili, magofu ya Kaole: msikiti wa kale, makaburi yenye nguzo, kisima. Nilikutania, "Katekista na msikiti wapi na wapi?" Ukanitazama juu ya miwani. "Waliojenga walikuwa wanasali. Unataka nipite nimefumba macho?" Siku ya tatu ulitaka kuona mahali misafara ilipokuwa ikipumzika, kwa sababu babu wa babu yako alitoka huku na pembe ya ndovu begani akaenda nayo mpaka pwani. "Nataka nione alipoutua ule mzigo," ulisema, ukijishika bega kana kwamba linauma.

Miaka yote uliwafundisha watoto wa kigango chetu kwamba imani ilitufikia kwa miguu kutoka Bagamoyo, na wewe mwenyewe hukuwahi kufika hata Dodoma. Nami nikakuahidi: tukishavuna mpunga, tunaondoka. Ukanunua viatu. Mama anasema kila jioni ulikuwa unavivaa na kuizunguka nyumba ili vilainike, na kuku wakawa wanakukimbia.

Sasa nikwambie kilichotokea, maana hukuwahi kukisikia kwangu.

Ulipopiga simu nilikuwa Geita, kwenye duara, lile shimo tulilochimba na wenzangu watatu. Tulikuwa tumeshaona dalili za mwamba wenye dhahabu. Wenzangu wakamleta mganga, na mganga akatoa sharti: mwenye duara asilale nje ya machimbo mpaka mawe yapande juu. Akiondoka tu, dhahabu inahama. Mimi, mtoto wa katekista, niliyebatizwa nikiwa na wiki mbili, nikatikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Siku ya tatu simu ikalia.

"Viatu vimelainika," ukasema. "Tunaondoka lini?"

Ningekwambiaje, Baba? Kwamba siwezi kwenda kuona kanisa kwa sababu mganga amenikataza? Nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni. "Nimesikia kanisa limefungwa, Baba. Wanalikarabati."

Ukauliza, "Paa?"

"Paa," nikasema.

"Pole yao," ukasema. Na kweli uliwaonea huruma, nilikusikia.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe Jumapili iliyofuata ulisimama wakati wa matangazo ukawaomba watu wa kigango waliombee paa la kanisa la Bagamoyo, na ukaendelea hivyo kila Jumapili. Mama alinisimulia kwenye simu kwa furaha, nikajifanya mtandao unasumbua. Kisha Mama Kulwa akauliza mafundi wa paa hilo wanakula nini, na kwa kuwa viazi vitamu vilikuwa vimejaa, kina mama wakakaa kukata michembe na kuianika juu ya mawe ili wapelekewe. Nawe ukachukua kisu ukaketi nao. Macho yako yalishaanza kuchoka, na michembe yako ikatoka minene kama soli ya kandambili. Mama Kulwa akacheka, "Mwalimu, hii ya kwako itakauka Krismasi!" Ukamjibu kwamba mtu wa kupanda paa anahitaji kitu cha kutafuna.

Mawe hayakupanda. Tulikuta maji, tukayavuta kwa pampu wiki nzima, yakarudi, tukaliacha duara. Nikaja nyumbani. Nililikuta gunia la michembe kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, limeshonwa vizuri, limeandikwa BAGAMOYO kwa mkono wako. Ukaniuliza paa limefikia wapi. Hapo ndipo ningesema. Sikuwa na duara tena, sikuwa na sharti la kulinda, viatu vyako vilikuwa mlangoni na mabasi yalikuwa yanapita kila siku. Nikasema, "Wamefika nusu." Mara ya kwanza niliogopa dhahabu isihame. Mara hiyo niliogopa uso wako tu.

Ukaugua masika. Ulipokuwa kitandani, sauti imekuwa ndogo, ukaniita karibu. "Wamemaliza?" Nikasema, "Karibu, Baba." Ukafumba macho ukasema vizuri. Mara tatu, Baba. Wewe uliyewafundisha watoto habari za Petro ungejua mara moja nafanana na nani. Kwangu jogoo tu ndiye aliyekosekana.

Tangu tukuzike nimekuwa nikiona aibu hata kupita mbele ya kanisa letu. Wiki iliyopita Mama Kulwa alinisimamisha njiani. "Bhebhe, wewe Fabiani, paa la Mwalimu bado tu?" Analiita paa la Mwalimu. Nikashindwa kusema uongo wa nne, nikashindwa pia kusema kweli, nikamwambia nitamjibu Jumapili.

Ndiyo leo. Wakati wa matangazo nikaomba nafasi, nikasimama pale ulipokuwa ukisimama. Nikawaambia kanisa la Bagamoyo halikufungwa, kwamba paa lile nililibomoa mimi kwa mdomo wangu nikiwa Geita, na nikawaambia kwa nini, hadi mganga na sharti lake. Mama yangu aliinamisha kichwa. Kisha Mama Kulwa akasimama.

"Kwa hiyo mwaka mzima tumeombea paa lisilovuja?"

"Ndiyo, mama."

"Na Mwalimu amekufa akijua linavuja?"

"Ndiyo, mama."

Akaketi. Ningefurahi kama angenitukana.

Baada ya ibada akaja na gunia, amelibeba mwenyewe kichwani pamoja na umri wake, akalitua miguuni pangu. "Ng'wana wane, mwanangu, hii haiwezi kurudi majumbani. Ilishatolewa. Ipeleke huko ilikoandikiwa. Kama mafundi hawapo, uitafune wewe." Nikamwambia ni mingi. Akasema, "Anza mapema," na akaenda zake. Mama alipofika nyumbani alisema neno moja tu: "Ungeniambia mimi." Na kweli ningeweza kumwambia.

Jioni hii tumelimwaga gunia ukumbini juu ya mkeka, mimi na Mama, tukaanza kutafuta ya kwako. Haikuwa kazi. Ya kina mama ni myembamba na imejikunja. Ya kwako iko bapa, mizito, migumu. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, kisha akashindwa kuendelea, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nimejaribu mmoja, umeyagomea meno yangu.

Sina njia ya kukupeleka tena, na sitajidanganya kwamba safari hii inafuta kitu. Nimekunyima jambo ulilolitaka maisha yako yote, nikakuachia huzuni ya paa ambalo halikuwapo. Nisamehe, Baba. Nakuomba nikiwa sijui kama naruhusiwa kuomba.

Gunia la kigango litakuwa kwenye buti la basi. Yako nimeitia kwenye mkoba, na daftari. Nitaifuata ratiba kama ulivyoiandika: kanisa, kabla ya kula. Nitaingia, nitalitazama paa lote, pembe kwa pembe, kama fundi anayekagua kazi. Kisha nitatoka nje, nikae kivulini mwa paa hilo, na nitafune michembe yako mpaka iishe.

Pumzika, Baba. Halivuji.

Mwanao uliyemwamini,
Fabiani