Kielelezo A

Jumatatu, 14 Oktoba 1974

Zamu ya bweni. Uji una moshi tena. Fomu Foo kipindi cha pili, marudio ya mimea ya chini. Nimeingia na ndoo ya maji ya bwawa, nikaipitisha kila mmoja aguse ule utelezi. Nikarudia maneno yangu: huyu mwani wa kijani ndiye bibi mzaa mama wa kila kinachoota nchi kavu. Kuvumwani ile ya manyoya kwenye mawe ya chemchemi, kangaga, mahindi, mkonge, miwa yote ya Ruaha. Kijani kilekile, wanga uleule tumboni. Sisi Wakaguru ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo hakuna aliyepotea njiani. Hosea akauliza bibi huyo alilipiwa mahari na nani. Darasa likavunjika mbavu. Na mimi nikacheka.

Eunike hakucheka, alikuwa bado anachora. Kwao ni Ulaya, kijiji cha wilaya hii hii, si ile ya Wazungu; baba yake analima pamba na ana baiskeli moja. Akipata Fomu Faivu ya sayansi atakuwa msichana wa kwanza kutoka shule hii. Naamini atapata. Nimeandika ubaoni sentensi yangu ya kila mwaka: Chora unachokiona, si unachokijua. Yeye ndiye pekee anayeitii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maelekezo ya mtihani wa vitendo yamefika. Siri ya mwalimu. Vielelezo vitatu, vyote vibichi. A: mwani wa kijani wa nyuzi, ile aina yenye utepe unaojisokota ndani ya chembe. B: kuvumwani. C: kangaga. B na C zitatoka kwetu Mamboya, chemchemi ya nyuma ya kanisa haijawahi kukauka. A iko bwawani, nyuma ya maabara. Safari hii mambo ni mteremko. Nimelala mchana bila wasiwasi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilisema mapema mno. Amri imekuja kutoka wilayani: tofali za kijiji kipya cha ujamaa zifyatuliwe mwezi huu, na maji yatoke bwawa la shule. Wanafunzi wote ndoo kichwani. Nikaenda kwa mkuu wa shule.

"Mkuu, mtihani wa Fomu Foo umo ndani ya bwawa lile."

"Watu wameshushwa na malori, mwalimu. Wako porini na watoto, hawana hata paa. Nikawaambie wasubiri mwani?"

Ni kweli hawana paa, nimewaona kwa macho yangu. Kuna mama alikuwa anapikia kwenye kiti kilichovunjwa kuwa kuni.

Jioni Eunike alipita na ndoo, nyuzi za kijani zinaning'inia ukingoni, maji yanamdondokea mabegani. Anabeba mtihani wake kwenda kuukandia udongo. Sikuweza kumwambia, maelekezo ni siri. Nimeokoa debe moja, nimeliweka kivulini.

Jumatano, 23 Oktoba

Debe limeoza. Weupe, na harufu ya yai viza. Bwawa ni tope lililopasuka. Mto Mkondoa mchanga mtupu, wanawake wanachimba visima kwa vibuyu. Nimezunguka mifereji yote ya mashamba ya mkonge. Vumbi. Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Hiyo ndiyo inayonichosha zaidi.

Jumapili, 27 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mchungaji atanisema. Nimedandia lori la mahindi mpaka Mikumi, kisha nikatembea kwenye mbuga kufuata vumbi la ng'ombe. Nikakuta lambo la wafugaji. Mzee mmoja amesimama kwa mguu mmoja, mkuki begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana. Natafuta uchafu wa majini, ule wa kijani."

Akanionyesha kwa mkuki. "Uko mwingi," akasema. "Chukua wote."

Na kweli ulikuwa mwingi. Ng'ombe walikuwa wamebanana upande wa pili, wanakanyagana. Upande wangu hapakuwa na alama hata ya kwato moja. Bahati nzuri, hakuna aliyeuvuruga. Nyuzi nzuri, nene, telezi. Rangi imeelekea kidogo kwenye bluu, nadhani ni jua. Harufu ya tope. Nimejaza debe mbili. Kwenye lori kurudi niliimba nyimbo za kanisani zote nilizokosa asubuhi, utingo akaniomba ninyamaze.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hadubini yetu ina lenzi ndogo tu. Kubwa iliota ukungu, ilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa wakati wa masika, mpaka leo kimya. Nimetazama. Nyuzi, hazina matawi, kijani. Utepe sikuuona. Lakini lenzi ile haiwezi kuonyesha utepe hata wa kofia ya bibi harusi. Kijani, nyuzi, telezi. Ndiyo yenyewe. Na kama siyo, nitapata wapi nyingine? Basi ndiyo yenyewe.

Jumanne, 5 Novemba

Kuvumwani na kangaga zimefika kutoka Mamboya, mama amezifunga kwenye majani ya mgomba, bado zina umande. Ametuma na salamu: kwao pia wameambiwa wajiandae kuhamia kijiji kipya bondeni. Anauliza kama bondeni kuna chemchemi.

Jumatano, 6 Novemba

Mtihani.

Hospitali wametuazima hadubini yao kwa asubuhi moja, siku nyingine zote inatafuta malaria. Bwana maabara wao aliibeba kifuani kama mtoto mchanga. Nikaweka kioo cha kwanza kabla wanafunzi hawajaingia.

Hakuna utepe. Hakuna kiini. Chembe ndogondogo zimepangwa kama sarafu zilizobebanishwa, na uzi mzima unajiyumbisha wenyewe polepole, kushoto, kulia. Nikabadilisha kioo. Vilevile.

Huyu siye bibi, ni mwani wa bluu, jamaa wa bakteria. Hata wa ukoo siye. Hana kiini, hana chochote cha nyumba yetu isipokuwa rangi. Ni mgeni aliyekaa safu ya wafiwa kwa sababu amevaa sare. Vitabu vya zamani viliwaweka pamoja wote kwa jina moja la mwani, lakini mimi nafundisha tofauti hiyo kila mwaka. Mimi. Nikawakumbuka wale ng'ombe. Wote upande ule, mimi peke yangu upande huu. Wao walijua maji ya huku hayanyweki.

Nikamkimbilia mkuu.

"Ni kijani?"

"Kijani, lakini..."

"Ni nyuzi?"

"Nyuzi."

"Mwalimu, unayo nyingine?"

Sina. Akapiga kengele mwenyewe. Aliniruhusu niandike taarifa ya makosa yangu, akaitia kwenye bahasha ya majibu. Nikamuuliza kama wataisoma. Akasema amefunga bahasha hizi miaka mingi na hajawahi kujibiwa.

Msimamizi haruhusiwi kusema neno. Nimepita kati ya meza, mikono nyuma. Hosea aliinamia hadubini kama mtu anayesalimia asiyempenda, akarudi akachora utepe, kiini, kila kitu. Mchoro mzuri, wa kitabuni mtupu. Wengine vilevile. Simlaumu yeyote kati yao.

Eunike alitazama mpaka zamu yake ikaisha. Akachora sarafu. Hakuweka kiini. Swali la mwisho liliuliza A ina undugu gani na B na C. Akaandika, akafuta, akaniangalia. Nikaangalia dari. Akaandika kwa Kiingereza, nafasiri hapa: A haina undugu na B wala C.

Ni sahihi. Mtu mmoja tu ndani ya chumba kile alikuwa sahihi, na msahihishaji aliyeko Dar es Salaam ana kitabu chenye utepe. Nilitaka kupiga kelele. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Sina zaidi ya hapo la kuandika juu ya ushujaa wangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Eunike alikuja maabara kuaga.

"Shikamoo, mwalimu. Wenzangu wote wanasema waliuona utepe. Mimi sikuuona."

"Haukuwepo. Mimi ndiye niliyekosea kuchota. Wewe umejibu sawasawa."

"Basi nitafaulu?"

Nikamwambia sijui. Aliitikia taratibu, kana kwamba nimemweleza basi limechelewa. Ningependa alie, au anitukane. Alifuta meza yake kwa kiganja ndipo akatoka. Baba yake alikuwa langoni, amelifunga sanduku lake nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mkonge. Alivua kofia, akanishukuru kwa kumfundisha binti yake. Nilipokea shukrani ile. Ningefanyaje?

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Usiku kucha na mchana wote. Tofali za kijiji kipya zilikuwa hazijachomwa, zimerudi kuwa udongo. Wale watu bado hawana paa. Maji yote tuliyoyabeba kutoka bwawani yamepotea bure.

Jumatano, 12 Machi 1975

Matokeo. Hosea amechaguliwa Fomu Faivu, sayansi. Wengine wawili pia. Eunike hayumo. Bayolojia ndiyo iliyomwangusha. Taarifa yangu hakuna aliyeitaja.

Mkuu aliniita, akanimiminia chai. Tukanywa. Nasikia huko kijijini kwao Ulaya Eunike amepewa darasa la kisomo cha watu wazima. Anawafundisha kina mama kuandika majina yao.

Ijumaa, 14 Machi

Fomu Wani, siku yao ya kwanza ya hadubini. Lenzi kubwa imerudi, safi kabisa. Bwawa limejaa, na mwani umerudi pia, baada ya siku chache tu za jua. Nimechota mwenyewe, nimeuchunguza mara mbili kabla ya kengele. Utepe upo, unajisokota kama bangili ya waya ya bibi yangu. Kiini kipo.

Sentensi yangu sikuiandika ubaoni. Niliandika tarehe na jina la somo.

Msichana mmoja mdogo, sijamjua jina bado, aliinua macho kutoka kwenye hadubini na kitabu kimefunguka pembeni yake.

"Mwalimu, tuchore ya kitabuni au ya humu?"

Darasa zima likaacha kuandika kunisubiri. Nikasema ya humu. Safari hii zinafanana, kwa hiyo jibu halikunigharimu kitu. Akainama akaanza kuchora.