Fundo la Nyuma la Kidani

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kangemi sote tu wazima, ila babu yako bado anagombana na jogoo wa jirani. Umeniuliza kama nitaudhika ukikifumua kidani cha shanga nilichokutumia, uone kilivyoshonwa.

Miaka ya themanini, nikiwa mgeni Nairobi, jirani yangu Mama Sabina alikuwa akishona vidani vya duara vya kuuza mjini. Vyake vililala bapa kama sahani. Changu, nilipojaribu kushona, kilijikunja kama bakuli. Nikimuuliza siri, anacheka tu: "Si utazame?"

Nilitazama hadi nikachoka. Basi siku aliyoniazima kidani chake mwenyewe nivae kanisani, nilikifumua mzunguko kwa mzunguko, nikihesabu. Kumbe kila mzunguko aliongeza shanga chache! Mimi nilirudia idadi ile ile.

Akanikuta shanga zimejaa mapajani. Akanipa sindano.

"Haya, kirudishe."

Nilikirudisha, naye akakivaa hadi uzee wake.

Kwa hiyo fumua, mama. Anzia fundo la nyuma. Sikulikaza, maana nilijua utauliza.

Nyanya yako