Kata ya Hawe

Ganze, Kilifi
6 Oktoba 1984

Mpendwa mdogo wangu Masha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Nairobi? Baridi umeizoea? Sisi tunaendelea, ila mvua imetunyima na maji tunayafuata mbali zaidi. Nyanya yetu Hawe anakohoa tangu Ijumaa, lakini ulimi wake haujambo kabisa.

Barua yako imeniumiza. Eti hesabu moja ya pumzi imekuangusha, hutaki kurudia mtihani wa uuguzi, unarudi kuchoma makaa! Wewe uliyemfunga kuku mguu uliovunjika kwa kipande cha leso yangu mpya? Usinichekeshe.

Mimi nafundisha darasa la tano tu, lakini karatasi uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Mgonjwa wa kwanza anavuta mililita 500 za hewa, mara kumi na mbili kwa dakika. Wa pili 250, mara ishirini na nne. Katika kila pumzi, 150 hubaki njiani, kooni na kwenye mirija, hazifiki ndani ya mapafu. Wewe ukatoa 150 mara moja tu, ukaandika kwamba wote wanapata sawa.

Sasa kumbuka kisimani. Mama alituamuru kila tukipita kwa Hawe tumwachie kata moja ya maji. Mimi nilibeba debe, wewe kidumu chako. Ulikwenda mara mbili kwa kila safari yangu moja, na bado mtungi wako haukujaa, ukalia kwamba nimekuibia. Hakuna aliyekuibia. Hawe alipata kata yake kila safari.

Basi toa kwanza, kisha zidisha. Wa kwanza anapata 4,200, wa pili 2,400. Huyo wa pili anahema sana na hewa haimfikii.

Jana nilimsomea Hawe barua yako. Nikaona kifua chake kinapanda na kushuka upesi upesi. Nikatazama saa nikahesabu, mara thelathini kwa dakika. Niliogopa, Masha. Nikamwomba avute polepole, ndani kabisa, akatulia kidogo. Kesho nampeleka zahanati. Sikuandikii haya ili urudi.

Aliuliza mtihani ni lini. Nikamwambia tarehe ishirini. Akasema, "Mwambie mjukuu wangu maji yake nimeyanywa miaka mingi. Safari hii moja asipitie kwangu. Aende moja kwa moja."

Mama na Baba mdogo Fondo wanakusalimu sana. Mungu akutulize mkono siku hiyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Priscilla