Nyama ya Paa Kwenye Sinia la Ijumaa

Mjini Ibra, Jumamosi, Mei 2008. Joto kali, na upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Leo situlii. Nimefagia ua, nimekaa, nimeinuka, nimefagia tena.

Jana tulikula kwa mama kama kila Ijumaa. Mdogo wangu Khalfan ndiye aliyeleta nyama, akasema ni mbuzi. Nilipotia tonge mdomoni nikajua si mbuzi.

Nikameza.

Mume wangu Nasser naye alijua. Kazi yake ni kulinda wanyama wa jangwani, upande wa Mudhaibi. Tulipooana alikuwa akirudi na habari za makundi ya paa. Siku hizi anazunguka na gari kutwa na anachokiona ni nyayo tu.

Akaacha kula. "Shemeji, paa huyu umempiga wapi?"

Khalfan akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Aliyemtetea ni baba. Baba alikuwa mwindaji Tabora kabla hatujahamia huku ng'ambo, na mpaka leo hachoki kuitaja leseni yake. "Sisi tulipewa leseni, tukawinda, na wanyama hawakwisha," alisema. "Huku kila kitu marufuku!"

"Huku leseni haitolewi, baba," Nasser alimjibu kwa adabu. "Waliobaki ni wachache mno."

Baba akamgeukia Khalfan. "Lakini ulipiga dume?"

Khalfan akawa anachezea wali.

"Nakuuliza wewe."

"Jike, baba."

"Alikuwa na mimba?"

Khalfan akainamisha kichwa. Mama akaanza kukusanya vyombo na watu hawajashiba.

Baba alinawa mikono, akaenda kukaa peke yake barazani. Tuliondoka tukamwacha hapo hapo. Sijapata kumwona vile. Mzee yule leseni yake ilimkataza jike, na hilo alilishika kama sala.

Leo asubuhi alimwambia Khalfan achukue bunduki, wakaenda wote wawili kituo cha polisi. Baba amerudi peke yake.

Mama amenipigia simu. "Ulituletea mkwe askari nyumbani, mwanangu." Akakata.

Khalfan nimembeba mgongoni mimi. Kila nikimfikiria amekaa huko, natamani Nasser angekula tu, akanyamaza, tukanywa kahawa tukaenda zetu. Halafu namfikiria yule paa na tumbo lake zito, akijaribu kukimbia mbele ya gari, na naona haya kwa matamanio yangu.

Sasa ni alasiri. Nasser yuko nje anaosha gari ambalo kwa upepo huu halitakaa safi hata saa moja. Tangu jana hatujazungumza ila mambo ya nyumba.

Kama baba asingempeleka Khalfan, je, Nasser angekwenda kumshtaki mwenyewe?

Nataka kumwuliza. Naogopa atanijibu.