Watu wa Chini ya Kitanda cha Rhobi

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Sisi huku machimboni tuko hai, na mjukuu wako Rhobi amepona. Nimetanguliza hilo usije ukasoma unatetemeka.

Tangu tupange chumba kile cha udongo, mtoto akawa anaumwa kichwa, anatapika, analegea. Sisi wazazi tunashinda nje tukiponda mawe, yeye mchana kutwa analala ndani. Akaanza kusema, "Mama, kuna watu chini ya kitanda wanaongea." Kwa kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe kule kazini, mimi sikusikia kitu. Jirani akasema machimbo yamemtaka mtoto, tutafute mbuzi wa kafara.

Mume wangu Marwa alikataa. Tukambeba hadi zahanati. Kufika kule, mtoto anacheza! Akapimwa malaria, hana. Tukarudi, akalegea tena. Ikawa hivyo mpaka daktari akakasirika. "Mama, mtoto wako mzima. Mrudishe nyumbani."

Nikakaa chini mlangoni pake. "Nyumbani ndiko anakofia, daktari. Twende ukamwone huko."

Marwa akakaa pembeni yangu. Naye hakuondoka. Mwishowe daktari akachukua mkoba wake, tukaenda.

Hakukaa sana mle chumbani, naye kichwa kikamwanza, akashika paji lake la uso. "Tokeni wote! Humu mna moshi wa injini."

Injini gani, mama, na karibu na nyumba hapakuwa na hata moja? Marwa akachukua sururu, akavunja sakafu penye kitanda. Udongo uliokuwa umembeba mwanangu haukuzidi unene wa godoro. Chini yake giza, na mashine ya kuvuta maji inanguruma kwa mbali. Wachimbaji walikuwa wamefuata dhahabu mpaka chini yetu, mchana sisi tukiwa kazini.

Daktari mwenyewe alitupeleka hospitali Tarime mjini. Rhobi akawekewa hewa, akalazwa, akapata nguvu.

Tuliporudi kuhamisha vyombo, akaja kijana mmoja amejaa tope, hatujawahi kumwona. Akamtazama mtoto, akatabasamu.

"Kumbe Rhobi ndiye wewe?"

Nikamvuta mwanangu. "Wewe umemjulia wapi?"

"Tulikuwa tunawasikia kule chini mkimwita, mama. Akilia peke yake, tunamwimbia anyamaze."

Nisalimie baba, na shangazi yangu wa Morotonga, na mdogo wangu anayechunga ng'ombe. Rhobi anakuamkia. Siku hizi ana wimbo wake, si wa kwetu wala wa kina Marwa. Nimemwambia asiuimbe ndani ya nyumba.

Mwanao,
Bhoke