Soya Yako Imetupita Sote

Atieno, rafiki yangu,

Tangu tukuzike kwenu Katito sijakulilia vizuri. Wivu umenikaba.

Ile soya uliyoipata kwa kuchavusha aina fupi ya mbegu nyeusi na ile ndefu ya manjano imezaa. Maji yalipofurika shamba letu la majaribio kule Ahero, mimi ndiye niliyevua viatu nikaiokoa mikebe yako ya miche kwanza. Niliporudi kuchukua yangu, maji yalikuwa yameshaibeba. Sijui kwa nini nilianza na yako.

Tukapima isoflavoni, ile kinga ambayo mmea hujitengenezea wenyewe. Mtoto amewapita wazazi wote wawili! Daktari, mkuu wetu wa maabara, akachunguza jeni zinazoitengeneza. Kwa wazazi zinaamka mbegu ikikaribia kukomaa. Kwa hii yako zinaamka ganda likiwa bado laini, na hazilali tena. Akatuita wote. "Atieno alikuwa na mkono wa baraka," akasema. Mimi nimesimama pale na tope la Ahero kwenye kucha.

Umekufa, na bado unanipita.

Unakumbuka nilivyokuwa nikichana maua kwa kibano? "Awuor, ua si samaki, usilipare magamba!" Ulicheka mpaka getini. Nilicheka pia, lakini ndani niliungua.

Juzi Daktari aliniambia, "Umeitunza wewe. Ukitaka, tuipe jina lako." Nililitamka jina langu peke yangu, polepole. Lilikuwa tamu, Atieno.

Kisha mama yako akaja hapa maabara, Kisumu, kuchukua nguo zako. Akaniuliza, "Mtoto wangu alikuwa anafanya kazi gani hasa huku?" Nikampeleka kwenye mimea. Akashika ganda moja, hakuliachia.

"Hii ni ya Atieno?"

"Ndiyo, Mama. Inaitwa Atieno."

Lilinitoka tu. Nikaenda kumwambia Daktari aandike hivyo, halafu nikajifungia stoo nikalia. Nisikudanganye: sikulia kwa furaha.

Sasa pumzika, nyar Katito, binti wa kwao. Mbegu yako haitapotea mikononi mwangu. Lakini mvua zikianza nitachavusha upya, na safari hii nakuahidi nitakushinda. Nikikushinda, nitakuja kaburini kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Ni mimi,
Awuor